Alama ni Amana

Kandokando ya njia kuu itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga, katikati ya Ukunda na Msambweni, upo mji mdogo wa Gazi. Jioni nyingi nilisimama hapo kungojea gari la kunirejesha nyumbani, na jioni nyingi niliwakuta watoto chini ya mwembe wakicheza mchezo mmoja. Motokaa ilipochomoza kwa mbali, kabla ya namba yake kusomeka, mmoja wao alitakiwa ataje imeundwa na nani. Mwenye kupata alitwaa kokwa la embe. Mwenye kukosa alitoa. Hapakuwa na hakimu ila motokaa yenyewe, ambayo ilipokaribia ilithibitisha au ilikanusha kwa alama iliyobandikwa usoni mwake.

Watoto wale walikuwa na lugha yao. Hawakutaja majina ya viwanda, bali maumbo waliyoyaona. Mercedes-Benz ilikuwa "Nyota". Peugeot ilikuwa "Simba". Mitsubishi ilikuwa "Almasi Tatu". Audi, ambayo ni nadra kupita huko, ilikuwa "Pete Nne". Toyota, ambayo hupita kuliko zote, waliiita "Yai" kwa ajili ya miviringo yake. Miongoni mwao alikuwapo mvulana mmoja mwembamba, mkimya, ambaye sikupata kumwona akikosa. Wenzake walipokuwa wangali wanakunja uso na kubishana, yeye alikwisha sema. Mifuko ya kaptura yake ilijaa makokwa hata ikaning'inia.

Nilimsifu moyoni mwangu. Kisha nikajiuliza maswali mawili, nayo ndiyo yaliyonisukuma kuandika maneno haya. La kwanza ni hili: je, mtu aijuaye alama ya kitu amekijua kitu chenyewe? La pili sikuliona uzito wake mpaka miaka kadhaa baadaye: mtu aijuaye alama, naye anaona wenzake hawaijui, ana deni gani kwao?

Msomaji asidhani kwamba mchezo ule ni jambo jipya lililoletwa na motokaa. Watu wa pwani hii wamesoma nyuso za vyombo tangu kale. Mtu aliyesimama ufuoni alikijua chombo kingali mbali, kwa umbo la omo yake na kwa mkato wa tanga lake. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi badala ya kupigiliwa misumari, na ambacho kiliundwa katika visiwa vya Lamu mpaka mwanzo wa karne ya 20, ulichorwa macho katika omo yake. Hivyo aliyeutazama kutoka pwani aliona nao unamtazama. Hata leo mtoto wa mvuvi wa Diani hawezi kuchanganya ngalawa, yenye mbao zake mbili za kando, na mashua. Babu zetu walisoma omo. Watoto wa Gazi husoma boneti. Jicho ni lile lile, limebadili bahari tu.

Basi kutambua alama si upuuzi. Ni mwanzo wa elimu. Mkulima husoma mawingu, tabibu husoma rangi ya ulimi, baharia husoma mkunjo wa mawimbi juu ya mwamba usioonekana. Lakini nasema ni mwanzo, kwa sababu kusoma alama kuna daraja nne, na wengi wetu tukipanda ya kwanza hudhani tumefika darini.

Daraja ya kwanza ni ya jicho. Hii ndiyo ya makokwa ya embe. Jicho huona pete nne na ulimi husema Audi. Kazi imekwisha, na hapana aliyeulizwa kwa nini pete ni nne wala si tatu.

Daraja ya pili ni ya maana. Hapa mtu huuliza alama imetoka wapi, na mara kipande cha chuma hugeuka kuwa hadithi. Chukua hizo pete nne. Mjerumani mmoja, August Horch, alianzisha kiwanda cha motokaa kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1909 aligombana na wenzake akatoka, akaanzisha kiwanda kingine. Lakini alikatazwa kukiita Horch, kwa maana jina lilikuwa mali ya kiwanda cha kwanza. Fikiri, msomaji, mtu kunyimwa jina lake! Katika Kijerumani neno hilo lina maana ya "sikiliza". Basi akalifasiri kwa Kilatini, likawa Audi. Mwaka 1932, wakati biashara ilipokuwa imeharibika duniani, viwanda vinne viliungana ili viokoke, na kati yao vilikuwamo Horch na Audi, jina na tafsiri yake. Pete nne zilizoshikana ni muungano huo. Watu wengi huiona alama hiyo kila mwaka, na ni wachache waliopata kujua kwamba ndani yake mna ugomvi na mapatano.

Tazama nyota yenye ncha tatu. Kampuni ya Daimler iliiandikisha mwaka 1909, na ncha zake hufasiriwa kuwa nchi kavu, maji na hewa, mahali patatu ambapo mitambo yake ilikusudiwa kufanya kazi. Mwaka 1926 kampuni hiyo iliungana na ile ya Benz. Na Mercedes ni nani? Alikuwa msichana, binti wa Emil Jellinek, mfanyabiashara aliyekuwa akiziuza motokaa za Daimler. Jina hilo limetoka katika neno la Kispania lenye maana ya rehema. Jina zuri sana kwa motokaa; lakini jina halimwamuru dereva.

Tazama almasi tatu. Mitsubishi katika Kijapani ni jina lililoungwa kwa neno la "tatu" na neno la tunda la majini ambalo umbo lake hufanana na almasi. Alama yenyewe ilitokana na nembo mbili za ukoo, ya mwasisi wa kampuni na ya mtawala wa jimbo lake. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1870 kwa biashara ya merikebu. Almasi tatu zilisafiri baharini kwanza, zikapanda nchi kavu baadaye. Na watu wa Afrika ya Mashariki walizishangilia pale Joginder Singh, Mkenya, aliposhinda mashindano ya Safari mwaka 1974 na tena mwaka 1976 akiendesha motokaa yenye alama hiyo.

Tazama simba wa Peugeot, ambaye motokaa yake ya aina ya 404 ilishinda Safari mwaka 1963, kisha mfululizo mwaka 1966, 1967 na 1968. Simba huyo hakuchorwa kwa ajili ya motokaa hata kidogo. Aliandikishwa mwaka 1858, wakati jamaa hiyo ya Ufaransa ilipokuwa ikitengeneza misumeno. Meno ya msumeno yalifananishwa na meno ya simba kwa ukali, bapa lake na uti wa mgongo wa simba kwa kunepa, na ukataji wake na simba arukapo kwa wepesi. Seremala alimjua simba yule kabla ya dereva.

Na ili tusijivune kwa kufika daraja ya pili, hebu tutazame duara la BMW lenye robo nyeupe na robo za buluu. Ukiuliza watu wenye kujidai elimu, wengi watakuambia kwamba ni panga la ndege linalozunguka angani. Sivyo. Rangi hizo ni za jimbo la Bavaria, ambako kampuni ilizaliwa. Mwaka 1929 tangazo moja la biashara lilichora alama hiyo ndani ya panga la ndege linalozunguka, na tangu hapo tafsiri ya tangazo imekuwa na nguvu kuliko ukweli. Hivyo yawezekana mtu kuitambua alama bila kosa, na kuisimulia kwa ufasaha, na kuwa amepotea.

Kinyume chake pia nimekiona. Jioni moja Subaru moja iliharibika tairi karibu na mwembe wetu, na mzee mmoja mkulima alisogea kuitazama. Mzee huyu hakuingia shule. Aliinama mbele ya alama, akahesabu kwa kidole nyota moja kubwa na tano ndogo, kisha akaniuliza, "Mwalimu, kwani Wajapani nao hulima kwa Kilimia?" Nilistaajabu. Kwa maana Subaru ni jina la Kijapani la kundi lile lile la nyota ambalo sisi tumeliita Kilimia kwa sababu lilitufundisha majira ya kulima. Kampuni iliyoiunda motokaa ile ilitokana na kampuni tano zilizoungana mwaka 1953; nyota kubwa ni muungano, na tano ni walioungana. Mzee hakuyajua hayo ya kampuni. Lakini aliijua mbingu, na mbingu ni moja. Watoto walikuwa wameiita alama ile "Nyota Sita" kwa miezi mingi, na mzee aliyeiona mara moja aliisoma.

Nikamwambia amesema kweli. Akacheka, akaongeza neno la wahenga: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Nimelifikiri sana neno hilo. Halisemi kwamba Kilimia peke yake huleta mvua. Linasema ukitaka kujua kitakachokuja, tazama nyota na hali ya hewa pamoja. Alama moja, ikisomwa peke yake, ni nusu ya habari. Mwenye hekima huisoma kwa kuilinganisha na nyingine.

Hapo ndipo ilipo daraja ya tatu, ambayo ni ya hukumu. Swali lake si "alama hii ni ya nani?" wala si "imetoka wapi?" bali ni "je, yasema kweli?" Na katika daraja hii wanadamu huanguka mara nyingi kuliko katika nyingine zote, hasa wanapotoka kwenye motokaa na kuanza kuwasoma watu.

Lugha yetu wenyewe inatushuhudia. Katika miaka ya kwanza baada ya uhuru, wananchi wa Kenya na Tanzania walibuni jina la kuwataja wakubwa waliokuwa wakipita katika motokaa zenye nyota: waliwaita Wabenzi. Litazame jina hilo jinsi lilivyoundwa. Limepewa kiambishi kile kile cha Wadigo na Waduruma, kana kwamba nembo ya motokaa ni ukoo, na kana kwamba mtu huzaliwa katika kiti chake cha ngozi. Ilikuwa dhihaka, na dhihaka ilikuwa na haki yake, kwa sababu walikuwapo waliojitajirisha na kuwasahau waliowatuma. Walakini ndani ya dhihaka mlikuwa na hatari. Aliyecheka aliweza kusahau kwamba kilichochukiza si nyota bali ni dhuluma, na kwamba dhuluma yaweza kwenda kwa miguu.

Mwaka 2009 Serikali ya Kenya iliwaamuru mawaziri waache magari makubwa na watumie motokaa ambayo injini yake haizidi sentimita za ujazo 1800, na Volkswagen aina ya Passat zikanunuliwa kwa ajili hiyo. Volkswagen kwa Kijerumani maana yake ni gari la umma. Amri ya kubana matumizi ilikuwa njema, na fedha iokolewayo ni fedha. Lakini hapana mwenye akili aliyedhani kwamba waziri akishuka katika gari la fahari na kupanda gari la umma, basi amekwisha kuwa mtu wa umma. Alama hubadilishwa kwa bisibisi. Moyo haubadilishwi kwa chombo hicho.

Na kosa hili si la kuwatazama wakubwa tu. Katika Diani mlinzi wa lango la hoteli hufungua mara moja kwa motokaa fulani, na motokaa nyingine huisimamisha na kuihoji. Sisi abiria nasi tunafanya vivyo hivyo: aliyeshuka katika gari la thamani humpa salamu ndefu, aliyeshuka katika tuktuk hupewa fupi. Wahenga walitahadharisha: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Watoto wa mwembe walikuwa na unyofu kutushinda, kwa maana wao waliitambua motokaa wakasema jina la motokaa. Sisi huitambua motokaa tukasema jina la mtu.

Baada ya kusema hayo, najua yupo msomaji atakayenijibu, "Kama ndivyo, alama zote ni udanganyifu. Heri tuzidharau, tutazame vitu vyenyewe." Jibu hili lina sura ya hekima, nami zamani nililipenda. Lakini haliwezekani. Hatuwezi kuvitazama vitu vyote wenyewe, kwa sababu umri ni mfupi na vitu ni vingi. Mgonjwa hawezi kuichunguza dawa kabla ya kuimeza. Huisoma karatasi iliyobandikwa chupani. Abiria hawezi kuingia chini ya matatu kuzitazama breki kabla ya safari. Kila siku tunaweka uhai wetu mikononi mwa alama tusizoweza kuzihakikisha. Hata alama ikibadilika hatuiachi, bali tunajifunza mpya: miviringo ile iliyoitwa Yai ilianza mwaka 1989 tu, na Toyota zilizopita barabara hii kabla ya hapo zilitambuliwa kwa jina lililoandikwa. Alama ni ahadi aliyoiweka mtu asiyekuwapo kwa mtu asiyemjua. Ulimwengu wa watu wengi hauwezi kwenda bila ahadi za namna hiyo. Kwa hiyo dawa ya alama ya uongo si kuzidharau alama zote. Dawa yake ni kuzilinda za kweli. Na hapo tunafika daraja ya nne, ambayo ni ya wajibu. Sikufundishwa daraja hii na kitabu. Nilifundishwa na yule mvulana wa makokwa.

Alipomaliza shule ya msingi hakuendelea, kwa ukosefu wa karo, akaenda kuwa mwanafunzi wa fundi katika gereji moja. Jicho lake lilikwenda pamoja naye. Siku moja iliingia matatu iliyohitaji pedi mpya za breki, na mwenye gari alileta za kwake, ndani ya kikasha chenye nembo iliyo mashuhuri. Mvulana alikishika kikasha akakitazama kama alivyokuwa akizitazama motokaa chini ya mwembe. Mara akajua. Mstari mmoja wa nembo ulikuwa mnene kuliko ipasavyo, na rangi yake ilikuwa imefifia upande mmoja. Kikasha kilikuwa cha uongo. Akamwambia fundi wake, na fundi akamjibu, "Wewe umekuja kujifunza spana au kujifunza karatasi? Mwenye gari ametaka rahisi, rahisi ndiyo aliyoipata. Funga." Akafunga.

Mji wa Kwale umekaa juu ya vilima vya Shimba, na njia iendayo Kombani huteremka. Siku chache baadaye matatu ile iliteremka njia hiyo, nami nilikuwamo. Dereva alipokanyaga breki hazikushika. Nilimwona akikanyaga tena, kisha tena, na uso wake ukabadilika. Akashusha gia mpaka injini ikapiga kelele, akachagua ukingo wa udongo kando ya njia, akalisukuma gari hapo. Hapana aliyekufa. Lakini mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa amekaa karibu na mlango na kapu lake la maembe miguuni, alivunjika mguu. Gari lilipofunguliwa ilionekana kwamba tabaka la kusugua la pedi moja lilikuwa limebanduka kabisa kutoka katika bamba lake la chuma.

Jioni ya siku ya tatu mvulana alinijia nyumbani. Alisimama mlangoni, akasema, "Shikamoo, mwalimu." Nikamwitikia marahaba, nikamkaribisha, lakini hakukaa. Akasema, "Mwalimu, mimi niliijua." Nilidhani anataja motokaa fulani, kama zamani. Kisha akanisimulia habari ya kikasha tangu mwanzo mpaka mwisho, wala hakujitetea.

Nakiri kwamba neno la kwanza lililokuja ulimini mwangu lilikuwa la kumpoza. Nilitaka kumwambia kwamba yeye ni mtoto tu, kwamba alikwisha mwambia mkubwa wake, kwamba mwenye hatia ni aliyechapa nembo ya uongo, na aliyeiuza, na mwenye gari aliyependa rahisi, na fundi aliyemnyamazisha. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini nilipowahesabu wenye hatia, niliona kwamba nataka kuigawa lawama mpaka kila mmoja apate kipande kisichoonekana. Na lawama si mkate. Watu watano wakishirikiana kuliacha gari bovu litoke, mguu uliovunjika ni mguu mzima. Tena katika hao watano, wanne walitenda kwa tamaa, au kwa uzembe, au kwa kutojua. Mmoja tu ndiye aliyekuwa ameusoma ukweli kwa jicho lake.

Basi sikumpoza, wala sikumlaumu. Nilimwambia, "Ulimwambia fundi mara moja. Dereva alikuwa wapi?" Akajibu, "Alikuwa amekaa nje kwenye benchi, mwalimu. Hatua kumi." Akanyamaza, nami nikanyamaza. Zile hatua kumi ndizo zilizokuwa zimemleta kwangu.

Kesho yake alikwenda kwa yule mama peke yake. Sikumtuma. Alinisimulia baadaye kwamba alimweleza kila kitu, na kwamba mama alimsikiliza bila kumkatiza, mguu wake ukiwa umenyoshwa juu ya mkeka ndani ya plasta. Alipokwisha, mama akasema, "Ungalisema, mjukuu wangu, dereva angalingoja, nami ningalingoja pia." Hakuongeza neno. Hakumtukana, wala hakumwambia kwamba si kitu. Kwa maana kilikuwa kitu. Akamwagiza amchotee maji, naye akamchotea, na siku nyingi baadaye akaendelea kumchotea.

Nimesoma maneno mengi ya wataalamu juu ya wajibu wa mwenye elimu, lakini sijakuta hukumu iliyo fupi na timilifu kama ile ya mama wa maembe. Ungalisema, ningalingoja. Maana yake ni kwamba ajuaye anashika mkononi uhuru wa asiyejua. Mama yule hakuwa na uwezo wa kuisoma nembo, lakini alikuwa na uwezo wa kungoja gari jingine, na uwezo huo aliupoteza kwa kimya cha mtu mwingine. Kwa hiyo elimu si pambo la mwenye nayo. Ni amana aliyowekewa kwa ajili ya wenzake, na kama amana zote, huulizwa siku ambayo mwekaji anaihitaji. Wahenga walisema, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Macho ya mvulana yule hayakufa hata dakika moja. Moyo ndio uliozimia kwa hatua kumi. Alipougundua msiba huo alikuwa amekwisha anza kupona.

Leo yeye ni fundi mwenye gereji yake ndogo. Hafungi kipuri mpaka amwite mwenye gari na dereva pamoja, awaonyeshe cha zamani na kipya na kikasha chake, na kama ana shaka awaambie shaka yake. Amepoteza wateja wengine kwa desturi hiyo, na hasemi kwamba hakupoteza.

Sasa, msomaji kijana, tazama kifua cha shati lako. Huenda pana nembo ya shule yako, yenye kitabu, au mwenge, au mnazi, na maneno machache chini yake. Watu wakupitao barabarani hukusoma kama watoto wa Gazi wasomavyo motokaa: huitambua shule kabla ya kukutambua wewe. Hukuichora nembo hiyo, wala hukuchagua maneno yake. Lakini tangu siku ulipoivaa umeingia katika ahadi yake. Ukitenda haki, huizidishia maana. Ukitenda hila, huwa umekichapa kikasha cha uongo.

Wazee wa Kidigo wa Kaya Kinondo, msitu ulio karibu na Diani ambao ni miongoni mwa misitu ya kaya iliyoandikwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa ulimwengu, humpa mgeni kitambaa cheusi cha kaniki ajifunge kabla ya kuingia. Kitambaa hicho hakimfanyi mgeni kuwa Mdigo, wala hakimfanyi mwema. Humwambia tu kwamba sasa yumo mahali ambapo hatavunja tawi wala hatachukua jani. Akilivunja tawi, kaniki haitamzuia. Lakini itakuwa shahidi.

Jizoeze basi kutambua alama, kwa maana jicho kali ni neema. Jifunze maana zake, ili usichukue tangazo badala ya ukweli. Zihukumu pamoja na mambo mengine, kama Kilimia pamoja na mvua. Na siku utakapoona nembo ya uongo, juu ya kikasha, juu ya cheti, au juu ya kifua cha mtu mkubwa, kumbuka kwamba nje, kwenye benchi, yuko mtu asiyejua. Na kwamba baina yako na yeye pana hatua kumi.